Simba Kumi wa Ngorongoro

Wazee waliokuwa watu wazima wakati wa Uhuru bado wanazikumbuka mvua za mwaka 1961. Ukame ulikuwa umetangulia, ng'ombe wakafa, mashamba yakakauka. Kisha mbingu zikafunguka, na hazikufunga mapema. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na katika miaka michache iliyofuata maji yake yaliongezeka kwa zaidi ya mita mbili. Huku kaskazini mvua hizo zilileta pia jambo ambalo halizungumzwi sana. Zilileta inzi.

Inzi hawa wanafanana na wale wa nyumbani, ila wana mdomo mgumu wa kutoboa ngozi na kunyonya damu. Wataalamu huwaita Stomoxys. Kila mfugaji anawajua, maana wanazaliana kwenye samadi na majani yaliyolowa, na kwa kawaida ni kero tu ya zizini. Mwaka 1962, ndani ya Kreta ya Ngorongoro, waliongezeka mpaka wakawa pigo. Tunaposoma kitabu cha Kutoka sura ya 8, habari za mainzi yaliyojaa nyumba za Wamisri, wengi wetu huwa tunapita haraka tukiyawahi mapigo makubwa zaidi. Waliouona mwaka huo wa 1962 wasingepita haraka.

Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa eneo hilo, aliandika alichokishuhudia. Simba walikonda wakabaki mifupa, ngozi zao zikajaa vidonda vibichi. Wengine walipanda juu ya miti, wengine wakajisukuma ndani ya mashimo ya fisi, wote wakitafuta mahali ambapo inzi wasingewafikia. Mnyama anayeumwa usiku na mchana hawezi kuwinda, na asiyewinda hali. Kabla ya pigo, simba wa Kreta walikadiriwa kuwa kati ya 60 na 75. Lilipokwisha walikuwa wamebaki kumi tu, yaani majike tisa na dume mmoja.

Insha hii inahusu kilichotokea baadaye kwa uzao wa simba hao. Nimeichagua habari hii kwa sababu katika miaka niliyofundisha biolojia na shule ya Jumapili kwa pamoja, vijana wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna nyingi: je, ni kweli kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, na kama ni kweli, Mungu yuko wapi katika mabadiliko hayo? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa mifano ya mbali, ya samaki na ndege wa visiwa ambavyo hakuna kati yetu atakayevifikia. Mimi naona ni afadhali kuanzia hapa jirani, mahali ambapo historia yenyewe imeandikwa mwaka kwa mwaka.

Asiyewahi kufika Ngorongoro afikirie sufuria kubwa mno. Ni mlima wa volkano ulioporomoka kwa ndani zamani sana, ukaacha kuta zenye kimo cha mita 600 hivi kuzunguka sakafu yenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 250. Humo ndani mna nyumbu, pundamilia na nyati, mna maji mwaka mzima, mna msitu wa Lerai na ziwa la magadi. Simba aliyezaliwa humo hana sababu ya kutoka, na aliye nje ana kazi kubwa ya kuingia.

Hapo inabidi tujue desturi ya simba. Majike hubaki katika kundi walikozaliwa, pamoja na mama zao, shangazi na dada zao. Madume ndio wanaoondoka. Wakikaribia miaka mitatu hufukuzwa, nao hutangatanga ndugu kwa ndugu mpaka wapate nguvu za kuwapindua madume wa kundi lingine. Wakishinda huwaua watoto wadogo wanaowakuta, kisha huzaa wa kwao. Ni ukatili, sitaupaka rangi. Lakini ndiyo njia ambayo damu ya eneo moja huingia katika eneo lingine. Pasipo madume wanaohama, kila kundi la simba lingekuwa ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe.

Miaka miwili, mitatu baada ya pigo, yaani 1964 na 1965, madume saba waliingia Kreta kutoka nje. Walikuta nyama tele na karibu hakuna wa kuwapinga. Simba wakaanza kuongezeka, na kufikia mwaka 1975 walikuwa kati ya 75 na 125. Mgeni aliyeteremka Kreta mwaka huo angeona majike wanono wamelala kandokando ya barabara, watoto wakicheza, naye angeondoka akisema kwamba lile pigo limekwisha kabisa.

Tunajuaje basi ni nani alimzaa nani? Jibu lake linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Kila simba ana madoa madogo pale zinapoota sharubu, na mpangilio wa madoa hayo ni wake peke yake, kama alama ya kidole kwa mtu. Watafiti wa simba, ambao kwa muda mrefu waliongozwa na Craig Packer, waliwatambua simba mmoja mmoja kwa njia hiyo. Kwa miaka ya nyuma ambayo hawakuwapo, walikusanya picha zilizopigwa na watalii. Picha ambazo watu walizichukua kwa kujifurahisha, wakazibandika kwenye albamu sebuleni kwao Ulaya na Marekani, zikawa daftari la ubatizo la simba wa Ngorongoro. Ukoo wote ukafuatiliwa kurudi nyuma hadi miaka ya 1960.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Simba wote wa Kreta wa wakati ule, karibu mia moja, walikuwa wametokana na simba 15 tu. Ukihesabu wale kumi na madume saba waliokuja utapata 17, maana yake wawili hawakuacha uzao uliodumu. Na tangu mwaka 1965 hadi utafiti ule ulipoandikwa, hakuna dume mwingine kutoka nje aliyewahi kuingia na kuzaa humo. Damu zao zilipopimwa na kulinganishwa na za simba wa Serengeti, ambao ni majirani wa karibu, simba wa Kreta walionekana kufanana kupita kiasi. Walipima pia mbegu za kiume. Katika madume wa Serengeti, karibu robo ya mbegu zilikuwa na kasoro ya umbo. Katika madume wa Kreta ilikuwa karibu nusu. Katika simba wa msitu wa Gir kule India, ambao mwanzoni mwa karne iliyopita walibaki makumi machache tu, ilikuwa karibu theluthi mbili.

Kwa nini idadi irudi lakini kitu kingine kisirudi? Ili kulijibu hilo tunamhitaji mtawa.

Gregor Mendel alikuwa mtawa wa Waagustino katika mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Katika bustani ya monasteri alipanda njegere kwa maelfu, akizichavusha kwa mkono na kuhesabu uzao wake kwa uvumilivu ambao nadhani alijifunza kwenye sala. Alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa mji wake mwaka 1865, yakachapishwa mwaka uliofuata, na karibu hakuna aliyeyajali. Alifariki mwaka 1884. Ni mwaka 1900 ndipo wengine waliyagundua upya. Mendel alionyesha kwamba mtoto hapati mchanganyiko wa wazazi kama maziwa ndani ya chai. Hupata vipande viwili vya kila sifa, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na vipande hivyo hubaki kamili hata pale kimoja kinapofichwa na mwenzake. Sisi leo tunaviita jeni, au vinasaba.

Yakobo aliona jambo hilohilo kwa macho, ingawa hakujua hesabu yake. Katika Mwanzo sura ya 30 anakubaliana na Labani achukue wanyama wenye madoa na mabaka, na Labani anawaondoa wote wenye madoa ili abaki na wa rangi moja tu. Hata hivyo hao wa rangi moja wakazaa wenye madoa. Wengi hukumbuka fito zilizobanduliwa ambazo Yakobo alizisimamisha kwenye birika za kunyweshea. Wachache husoma mpaka sura ya 31, ambako Yakobo anaeleza ndoto aliyoonyeshwa: siri ilikuwa katika madume waliopanda. Mimi sidai kwamba Biblia inafundisha somo la vinasaba. Nasema tu kwamba mbuzi wa rangi moja walikuwa wamebeba ndani yao madoa yasiyoonekana, na kila mfugaji anayesoma habari hiyo anaielewa bila kuelezwa.

Sasa turudi kwa simba. Chukua debe la mbegu za maharage yaliyochanganyika, ya njano, mekundu, ya soya na yale ya mistari. Wadudu wakiliingia debe hilo na ukabaki na konzi moja tu ya kupanda, msimu ujao utapata debe tena, huenda hata madebe mawili. Lakini kama katika konzi ile hapakuwa na hata punje moja ya mistari, maharage ya mistari hutayaona tena shambani kwako hata uvune magunia. Idadi huongezeka kwa kuzaliana. Aina iliyopotea hairudishwi na kuzaliana. Inarudi kwa kuletwa kutoka nje, au kwa badiliko jipya kabisa ndani ya vinasaba, na mabadiliko ya namna hiyo ni ya nadra, huchukua vizazi vingi mno kujaza pengo.

Sewall Wright ndiye aliyeiweka habari hii katika hesabu. Kuanzia mwaka 1915 alifanya kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, akichunguza koo za simbilisi ambazo kaka na dada walikuwa wakipandishwa kizazi baada ya kizazi. Kila ukoo ulizidi kuwa wa namna yake, huu ukawa na rangi hii, ule rangi ile, wala hapakuwa na mtu aliyechagua iwe hivyo. Na kwa jumla walizidi kudhoofu, wakazaa watoto wachache. Wright alikokotoa kwamba katika kila kizazi utofauti hupungua kwa sehemu moja ya mara mbili ya idadi ya wanaozaa. Wakiwa mia, hupotea sehemu moja ya mia mbili, kiasi ambacho hata hukihisi. Wakiwa kumi, hupotea sehemu moja ya ishirini. Lakini kwa majike tisa na dume mmoja hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa nusu ya urithi wa kila mtoto inatoka kwa baba yuleyule. Kwa hesabu ya Wright, simba kumi wa namna hiyo ni sawa na wanyama wasiofika hata wanne. Kama wale madume saba wasingeingia upesi, kizazi kimoja tu kingepoteza karibu sehemu moja ya saba ya utofauti wote uliosalia.

Na hata walipoingia, hawakuzaa sawasawa. Kwa simba, dume mwenye ndugu wengi hutawala na kuzaa watoto wengi, na asiye na ndugu huishia pembeni. Watafiti waliona kwamba tofauti hiyo kati ya madume peke yake ingetosha kupunguza utofauti wa vinasaba, hata pasipo pigo la inzi. Waliona pia dalili kwamba huenda simba wa Kreta walikwisha kupita katika upungufu wa namna hiyo kabla ya 1962. Kwa hiyo inzi hawakufanya kazi yote, ingawa masimulizi mengi huwabebesha lawama nzima.

Nafika sasa mahali ambapo vijana wangu husumbuka, na sioni haya kusema kwamba nami nimekaa hapo muda mrefu. Kwa nini alisalia dume yule na si mwingine? Yawezekana alikuwa na nguvu kuliko wenzake. Yawezekana pia alikuwa amelala upande wenye upepo siku mbaya kuliko zote. Wataalamu wana neno kwa mabadiliko ya aina hii, yanayokuja bila mnyama yeyote kuwa bora au hafifu: huyaita mabadiliko ya bahati nasibu. Mkristo akisikia "bahati nasibu" hushtuka. Tumefundishwa kwamba hata shomoro haanguki pasipo Baba, kisha mwalimu anatuambia urithi wa simba mia moja uliamuliwa kama kete zinavyotupwa.

Lakini tuyasome Maandiko kwa utulivu. Mithali sura ya 16 inamaliza kwa kuitaja kura inayotupwa mikunjoni, na kusema hukumu yake ni ya Bwana. Mitume, walipotaka mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda, walisali kisha wakapiga kura kati ya wawili, ikamwangukia Mathia. Hawakuona kwamba kupiga kura ni kumfukuza Mungu chumbani. Mwanasayansi anaposema jambo ni la bahati nasibu, anasema kwamba haoni sababu ndani ya simba mwenyewe inayomfanya huyu abaki na yule afe. Hilo ni neno juu ya simba. Si neno juu ya Mungu, wala mwanasayansi mwenye kujua mipaka ya kazi yake hatalifanya liwe hivyo. Kwa upande wangu naona ni hatari zaidi kufanya kinyume chake, yaani kusimama mbele ya mizoga ya mwaka 1962 na kutangaza kwamba kila aliyekufa alistahili kufa na kila aliyepona alichaguliwa kwa ubora wake. Rafiki zake Ayubu walisema hivyo juu ya binadamu, na walikemewa.

Si kila badiliko ni la bahati, hata hivyo. Katika hifadhi ya Gorongosa huko Msumbiji, wakati wa vita vya mwaka 1977 hadi 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya pembe mpaka zaidi ya asilimia 90 wakatoweka. Kabla ya vita, karibu mmoja kati ya majike watano hakuwa na pembe kwa kuzaliwa. Baada ya vita ilikuwa nusu yao. Majike wasio na pembe hawakuwa na cha kuwindwa, wakapona, wakazaa mabinti wanaofanana nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sifa hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya jinsia, na inaelekea watoto wa kiume wanaoirithi hufa kabla ya kuzaliwa. Hapo hapakutupwa kura. Risasi ilichagua, na aliyeishika bunduki alikuwa mtu. Wala haikumchukua maelfu ya miaka, maana vizazi vichache vya tembo vilitosha. Katika yale yote tuliyoyafanya kwa kuitawala dunia, kuwaondolea tembo pembe ndani ya vinasaba vyao ni jambo ambalo sijapata kusikia likitajwa katika sala ya toba kanisani.

Kuhusu simba wetu, kuna jambo moja ambalo huwa linapotoshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi mia moja, halafu wakapungua, na kwa nyakati fulani wakashuka chini ya hamsini. Watu wengi wakahitimisha kwamba ni ile damu moja inawamaliza. Bernard Kissui, mtafiti Mtanzania, pamoja na Packer walipolichunguza jambo hili na kuchapisha mwaka 2004, walionyesha kwamba chakula kilikuwapo cha kutosha, na kilichokuwa kikiwashusha ni magonjwa. Mwaka 2001, baada ya ukame mkali, uliingia ugonjwa wa virusi wa mbwa uitwao distempa, ukikutana na vijidudu vya babesia vinavyoletwa na kupe. Nyati waliodhoofishwa na ukame walikuwa wamejaa kupe, simba wakawala nyati hao, na magonjwa mawili yakawakuta kwa wakati mmoja. Mwaka 1994 ugonjwa huohuo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, ambao damu yao ina utofauti mkubwa. Basi kufanana kwa vinasaba si laana inayoua peke yake. Ni upungufu wa akiba. Watoto wakizaliwa wote wanafanana katika kinga ya miili yao, ugonjwa unaompata mmoja una nafasi ya kuwapata wote, na uzazi wenyewe huzidi kuwa mgumu. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila akiba ghalani, mpaka mwaka wa njaa.

Dawa inajulikana, na bibi zetu waliijua kabla ya Mendel. Mama anayefuga kuku hubadilishana jogoo na jirani wa mbali. Wafugaji huazimana madume ya ng'ombe. Wazee wa koo zetu nyingi hukataa ndoa ndani ya ukoo, na Walawi sura ya 18 inakataza ndoa za jamaa wa karibu. Kule Florida, Marekani, puma walikuwa wamebaki kati ya 20 na 30, wengine wana mikia iliyopinda na mioyo yenye kasoro, ndipo mwaka 1995 wakaletwa majike wanane kutoka Texas. Watoto wao walizaliwa wazima, na idadi ikapanda mara kadhaa. Afrika Kusini nayo ilipeleka simba wa nje katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, ambako uzao wote ulitokana na simba wachache mno.

Je, na Ngorongoro wapelekwe simba kwa gari? Wapo wanaoona hivyo. Mimi naona swali la kwanza ni kwa nini hawaji wenyewe, wakati Serengeti yenye simba wapatao elfu tatu iko jirani hapo. Sehemu ya jibu iko kwa simba wa Kreta wenyewe: kwa kuwa chakula ni kingi, watoto wa kiume wengi hukua pamoja, wakaunda majeshi makubwa ya ndugu ambayo mgeni mmoja au wawili hawawezi kuyashinda. Sehemu nyingine iko njiani. Kati ya nyanda za Ndutu na ukingo wa Kreta kuna watu na mifugo, na tangu Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 watu hao wameongezeka sana. Dume kijana aliyefukuzwa kwao ana njaa. Akikutana na zizi la ng'ombe anakula, na akila, vijana hutoka na mikuki.

Sitaki msomaji anayeishi mjini amhukumu mfugaji huyo. Ng'ombe mmoja kwa familia ya Kimasai ni ada ya shule, ni maziwa ya watoto, ni mahari. Kumwambia mtu avumilie hasara hiyo ili simba asiyemjua apate kuoa ndani ya Kreta ni rahisi kwa yule ambaye hana ng'ombe. Ukitaka vinasaba viingie Kreta, lazima uanzie kwenye boma, kwa mama anayekamua na kijana anayechunga.

Tangu mwaka 2011 liko shirika hapa Tanzania liitwalo KopeLion linalofanya kazi hiyo. Limeajiri Wamasai wa maeneo hayo, wanaoitwa Ilchokuti, ambao kila mmoja ana eneo lake. Husoma nyayo alfajiri, huwatahadharisha wachungaji mahali simba walipo ili mifugo ipelekwe upande mwingine, hutafuta ng'ombe waliopotea kabla hawajakutwa na simba, husaidia kuziba maboma kwa miiba, na hujaribu kuwatuliza vijana pale damu inapochemka baada ya ng'ombe kuuawa. Baadhi yao ni watu ambao katika mila yao kuua simba kulikuwa ni heshima ya ujana. Leo kazi yao ni kuhakikisha kwamba dume kijana anayetoka Ndutu anapita salama kati ya maboma, usiku baada ya usiku, mpaka afike ukingoni na kuanza kuteremka.

Dume huyo akifika chini atakutana na majeshi ya ndugu, na huenda akafukuzwa siku hiyohiyo. Akishinda, atawaua watoto atakaowakuta. Na siku mia na kumi hivi baada ya kupanda, majike wataanza kujificha vichakani mmoja mmoja kuzaa, na katika watoto hao vitakuwamo vinasaba ambavyo havikuwamo katika wale 15.